Mjamzito, sonona na dawa: Subira ya nani?

Katika maswali ambayo akina mama wa Kiislamu huyauliza kwa sauti ya chini, tena baada ya kuhakikisha mlango umefungwa, limo hili: mwanamke mwenye mimba aliyepatwa na maradhi ya sonona, je, inafaa ameze vidonge vya hospitali ilhali anajua kuwa sehemu ya dawa ile itamfikia mtoto aliye tumboni?

Huuliza kwa sauti ya chini kwa sababu maradhi yenyewe yana aibu, na kwa sababu huwa amekwishajibiwa kabla ya kuuliza. Mume amemwambia asubiri. Mama mkwe amemwambia kuwa wao walizaa watoto kumi bila kumeza kidonge cha mawazo. Shoga yake wa darsa amemwambia azidishe adhkari, kwani huo ni wasiwasi wa shetani. Wote watatu wanampenda, na wote watatu wanaamini kuwa wanamtetea mtoto. Hebu tuangalie kama kweli wanamtetea.

Tuanze na maradhi yenyewe, maana mitaani tumechanganya vitu viwili. Mtu aliyefiwa, aliyefukuzwa kazi au aliyeletewa mke mwenza bila kuambiwa, huhuzunika, na huzuni yake ina sababu inayojulikana. Mara nyingi hupungua siku zikienda. Sonona ni jambo jingine. Hudumu wiki mbili na zaidi, karibu kutwa nzima na karibu kila siku: moyo mzito, kukosa hamu hata ya yale mtu aliyokuwa akiyapenda, usingizi kuvurugika, chakula kutopita, kujiona hana thamani, na kwa baadhi ya wagonjwa, fikra za kufa. Inaweza kuanzia kwenye msiba, na inaweza kuja bila msiba wowote.

Anayedhani kuwa tofauti hii imeletwa na Wazungu na arejee kwa Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934. Katika kitabu chake cha maslahi ya miili na nafsi, aliigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo chanzo chake kinajulikana, kama kuondokewa na mpenzi au mali, na ile ambayo mwenyewe hawezi kueleza imetoka wapi. Hiyo ya pili aliihusisha na mwili, hasa hali ya damu, na akaona itibiwe kwa tiba ya mwili. Maelezo ya damu ya zama zile yamepitwa na wakati. Lakini jambo alilolitambua lingalipo, nalo ni kuwa mtu anaweza kuwa na imani timamu na bado akaugua moyo kama mwingine anavyougua figo.

Kwa mjamzito maradhi haya hupata pa kujificha. Kuchoka, kukosa usingizi, kukataa chakula, kulia bila sababu, yote husemwa kuwa ni "mimba hiyo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanyika katika kliniki za wajawazito jijini Mwanza, ulikuta kiasi cha mwanamke mmoja kati ya watatu ana dalili za sonona. Ni kweli kwamba kipimo kilikuwa maswali ya dodoso, na kuwa na dalili kwenye dodoso si sawa na kuthibitishwa na daktari. Hata tukipunguza nusu, bado ni wanawake wengi mno kukaa katika benchi moja la kliniki bila ya yeyote kuulizwa.

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, unapita Magu na kuingia wilaya ya Busega katika mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012. Huko ndiko iliko kata ya Kalemela. Naitaja kwa makusudi. Wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa mjini, na huenda wakaona kuwa habari ya dawa za sonona ni ya mabibi wa Dar es Salaam wenye daktari wao. Lakini mwenye duka Kariakoo au mwalimu wa Mwanza ana dada, shangazi au binti wa mdogo wake katika nchi hiyo ya pamba na ng'ombe, na simu ikipigwa usiku kutoka kijijini, yeye ndiye anayeombwa ushauri kwa kuwa amesoma.

Tuseme basi yuko mama mmoja Kalemela. Baada ya uzazi wake wa kwanza aliugua miezi minane, akafikia kutomshika mtoto. Akapelekwa Mwanza kwa daktari wa maradhi ya akili, akaandikiwa amitriptilini, akasimama tena, akalima, akacheka. Amekuwa akimeza kila usiku. Sasa ana mimba ya miezi miwili. Kliniki watampima uzito, presha, wingi wa damu na virusi vya Ukimwi. Watampa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kukinga malaria na chandarua. Yote hayo ni mema. Nyumbani, usiku ule ule aliotangaza mimba, pakiti ya vidonge imewekwa juu ya kabati na ameambiwa: hivi viache, una mtu tumboni.

Ndugu msomaji, angalia jinsi tunavyopima hapo. Kidonge tumekihesabu kuwa ni kitendo, na maradhi tumeyahesabu kuwa ni kadari. Mwanamke akimeza, amefanya jambo. Akiacha, tunasema hakufanya kitu, amemwachia Mola. Mtoto akizaliwa na kasoro baada ya mama kumeza, mama ataulizwa maisha yake yote. Mtoto akizaliwa njiti baada ya mama kuacha, tutasema ni mipango ya Mungu, na hakuna atakayemuuliza yule aliyeiweka pakiti juu ya kabati. Mizani gani hii yenye sahani moja? Kuiacha dawa iliyomsimamisha mtu ni kitendo kamili. Kina mtendaji, kina wakati na kina matokeo. Na mtoto aliye tumboni hapokei dawa ya mama yake peke yake, hupokea pia maradhi ya mama yake.

Kwani maradhi hayo yakiachwa hayakai kimya. Sonona isiyotibiwa imehusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo. Mama asiyekula, asiyelala, asiyeona sababu ya kwenda kliniki, mtoto wake yumo ndani ya hali hiyo hiyo. Nyingi ya sonona tunazoziita za baada ya uzazi huwa zimeanza ndani ya mimba. Na lipo lile ambalo hatupendi kulitaja, la mama kuitoa roho yake, ambalo huondoka na wawili.

Upande wa pili nao tuuseme kwa haki, maana dawa hizi si peremende. Hata pasipokuwa na dawa yoyote, takriban watoto 2 hadi 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Amitriptilini imetumika miaka mingi na haijaonekana wazi kuipandisha hesabu hiyo. Katika kundi la fluoksetini na setralini, iliyotolewa tahadhari zaidi ni paroksetini, mwaka 2005, kuhusu moyo wa mtoto. Dawa za kundi hilo zikitumika miezi ya mwisho, tatizo la shinikizo katika mishipa ya mapafu ya mtoto mchanga, ambalo kwa kawaida huwapata kama watoto 2 katika 1,000, hupanda kufikia kama 3. Na kiasi cha mtoto mmoja kati ya watatu waliofikiwa na dawa hizo mwishoni mwa mimba huonyesha kutetemeka, kulia sana au kutonyonya vizuri siku za mwanzo, kisha hali hiyo hupita ndani ya siku chache au wiki mbili. Hii ndiyo sababu mama huyu asizalie nyumbani, na mkunga aambiwe mapema anatumia nini, tena iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.

Na isichanganywe dawa hizi na valproeti, dawa ya kifafa inayotolewa pia kwa baadhi ya maradhi ya akili. Hiyo kweli huharibu: takriban mtoto 1 katika 10 waliofikiwa nayo huzaliwa na kasoro kubwa. Mwanamke wa umri wa kuzaa anayeitumia amuone daktari kabla ya kufikiria kubeba mimba. Hofu yetu ya "vidonge vya akili" kwa jumla ina ubaya huu, kuwa haimtambui nyoka na kamba.

Je, anayeacha anarudiwa na ugonjwa? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake 201 waliokuwa wamepona kwa dawa. Walioacha kwa ajili ya mimba, 68 katika kila 100 waliugua tena, walioendelea, 26. Lakini hao walikuwa wagonjwa wa kliniki za mabingwa, wenye sonona nzito ya kurudirudi. Utafiti mwingine wa huko huko wa mwaka 2011, uliochukua wanawake wa hali ya kawaida zaidi, haukuona tofauti kubwa kama hiyo. Maana yake ni kuwa mama wa Kalemela aliyelala kitandani miezi minane, na mwanamke aliyekuwa na huzuni nyepesi akaandikiwa kidonge kwa sababu daktari hakuwa na muda wa kumsikiliza, hawana hukumu moja. Huyo wa pili anaweza kuacha, taratibu na kwa usimamizi. Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watumishi wasio mabingwa unataka kwa mjamzito zitangulie tiba za mazungumzo, na dawa ifuate zisipotosha, kwa kipimo kidogo kinachofanya kazi. Na mazungumzo hayo si lazima yafanywe na bingwa. Katika vijiji vya Pakistan, kwa utafiti uliotoka mwaka 2008, wahudumu wa afya wanawake wa vijijini walifunzwa kuwatembelea wajawazito wenye sonona na kuzungumza nao kwa utaratibu maalumu. Mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika 100, dhidi ya 53 kwa wenzao waliotembelewa kwa mazoea ya kawaida.

Tuje sasa kwenye sheria yetu, kwani wanaomzuia mama huyu humzuia kwa jina la dini. Wengi wetu huku tumesomeshwa fiqhi ya Imam Shafii. Katika mlango wa saumu tumefundishwa kuwa mjamzito akiogopea nafsi yake, atafungua na atalipa kadha tu. Akimwogopea mtoto peke yake, atafungua, atalipa kadha na atatoa fidia. Tumelihifadhi hili tangu madrasa na hatujalitafakari. Sheria imekubali hofu mbili, na hofu ya mama juu ya nafsi yake imesimama kwa miguu yake, haikuhitaji kupitia kwa mtoto ili ikubaliwe. Tena ndiyo iliyofanyiwa wepesi zaidi. Kilichosogezwa kumpisha ni nguzo ya Uislamu. Kama saumu ya Ramadhani imempisha, kauli ya mama mkwe ina uzito gani? Na hofu hiyo huthibitishwa kwa uzoefu wake mwenyewe au kwa neno la tabibu mwaminifu. Mama wa Kalemela anao uzoefu wa miezi minane.

Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Jeddah mwaka 1992 lilipitisha kuwa hukumu ya kujitibu hubadilika kwa hali. Ni wajibu pale ambapo kuacha kutapelekea kuangamia nafsi au kiungo, au pale madhara ya maradhi yanapowafikia wengine. Ni makuruhu pale yanapohofiwa madhara ya tiba kuliko ya ugonjwa. Na kati ya hapo kuna sunna na mubaha. Wanazuoni wale, walipotaja madhara kuwafikia wengine, walikusudia maradhi ya kuambukiza. Naona si mbali kumuingiza humo mtoto aliye tumboni, ambaye hana pa kumkimbia mgonjwa.

Wapo watakaoleta hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akishikwa na kifafa. Alimwendea Mtume (s.a.w) aombewe, akapewa khiyari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunuka mwili anapoanguka. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote na haifai kupitwa kwa haraka. Lakini isomwe yote. Kwanza, alipewa khiyari, hakuna aliyemchagulia. Pili, hata baada ya kuchagua subira, hakuambiwa avumilie kila kitu: lile lililomsumbua zaidi aliliomba liondolewe, na akaombewa. Tatu, kifafa kilimwangusha mwili na kumwachia akili ya kuchagua anapozinduka. Sonona hufanya kinyume. Huingia pale pale penye kuchagua. Mtu asiyeona kuwa kesho ina faida yoyote anasubiri kitu gani? Subira ni kazi ya moyo, na moyo ndio uliougua. Kumwambia awe na subira kwanza ni kumtaka aliyevunjika mguu aikimbilie hospitali. Na subira inayochaguliwa na mume, ikatekelezwa na mke, thawabu zake sielewi zinaandikwa kwa nani.

Wala dini yetu haikuidharau tiba ya kitu cha kutiwa tumboni kwa ajili ya huzuni. Bibi Aisha (r.a), wakifiwa, alikuwa akiagiza ipikwe talbina, uji wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume (s.a.w) akisema kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa sehemu ya huzuni. Na katika Sura ya 19 tunasimuliwa kuhusu Maryam, mbora wa wanawake, aliposhikwa na uchungu chini ya mtende akatamani lau angekwishakufa na kusahauliwa. Hakukaripiwa kwa neno lile. Aliliwazwa, akaonyeshwa maji na akaambiwa autikise mtende ale tende mbivu. Sisi tunaposikia neno kama lile kutoka kwa mjamzito wetu, kitu cha kwanza tunachomletea ni mawaidha.

Dua na ruqya zibaki mahali pake; hakuna kidonge kinachogombana na Ayatul Kursiyyu. Ninachokistaajabia ni kuwa nyumba ile ile iliyokataa kidonge kilichopimwa kwa miligramu humnywesha mjamzito mizizi iliyochemshwa na mganga, isiyojulikana jina wala kipimo, na hapo hakuna anayeuliza kama inamfikia mtoto.

Basi mama akishaamua na daktari wake kuwa ataendelea, kazi haijaisha, kwani kuzivumilia dawa hizi ni jambo lenyewe. Amitriptilini hukausha kinywa, hufanya choo kuwa kigumu na huleta usingizi na kizunguzungu, na mimba nayo ina choo chake kigumu na kizunguzungu chake. Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu na kukosa usingizi juu ya kichefuchefu cha mimba. Ubaya zaidi ni kuwa kwa anayeanza upya, maudhi hutangulia na faida huchelewa: maudhi siku za kwanza, nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, pengine sita. Wengi huacha hapo katikati. Hapo ndipo mahali pa kuhimizana subira, na mhimizaji atoe maji, matunda na zamu ya kuteka na kupika. Mimba ikikua, huenda kipimo kikahitaji kubadilishwa, kwa hiyo asikae miezi bila kuonwa. Asiache ghafla. Wanaotumia mara moja kwa siku wanaweza kuuliza kuhusu kumeza usiku baada ya futari, Ramadhani isiwe sababu ya kukatisha. Na akiambiwa asifunge, asifunge. Vidonge vikae na mtu mwingine nyumbani, apewe vya siku, kwani amitriptilini ikizidi ni hatari kwa moyo. Kwa wakulima wa pamba, sumu ya wadudu nayo ifungiwe kwa kufuli.

Limebaki suala la fedha, na hapa wanaume tuna jambo la kujibu. Wanavyuoni wa kale wa madhehebu manne hawakumwajibisha mume kugharimia dawa na ujira wa tabibu wa mkewe. Waliona nafaka, mavazi na makazi ndiyo nafaka, yaani matumizi ya lazima, na tiba ni jambo la dharura lisilotegemewa. Wako wanaolijua hili na wakalitumia. Sheikh Wahba al-Zuhayli wa Syria, aliyefariki mwaka 2015, alieleza kuwa hukumu ile ilijengwa juu ya zama ambazo tiba haikuwa haja ya msingi, na kwamba leo haja ya dawa ni kama haja ya chakula au zaidi. Nami naongeza kuwa hata mke aliyetalikiwa, akiwa na mimba, Qur'an imemwajibisha mume kumgharimia mpaka ajifungue (Sura ya 65). Mimba yenyewe ina matumizi yake. Kutoka Kalemela hadi Mwanza na kurudi, matumizi hayo ni nauli ya watu wawili kila mwezi, kwani dawa ya usiku humfanya asinzie asubuhi ndani ya basi, na haifai asafiri peke yake.